Nilitoa nailoni nikaweka breidi kwenye rili, nusura kidole kibaki Mtera

Wakuu, mbukwenyi. Ndivyo tunavyosalimiana huku kwetu Dodoma, itikieni hata kimoyomoyo.

Ninayoeleza hapa yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Yenyewe yalivyo yanatosha kunidhalilisha. Na wahusika nawataja kwa majina, maana nimekaa na hasira hii tangu masika na leo naitua.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Ipagala, umri hamsini na mbili. Shule niliishia darasa la tano. Starehe yangu ni moja tu: Jumamosi nakwenda Mtera kuvua kwa fimbo. Sina mtumbwi wala nyavu. Nasimama pale ukingoni mwa bwawa na fimbo yangu na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ile ya spinning inayoning'inia chini ya fimbo.

Mwenyeji wangu kule ni shemeji Mazengo, kaka wa mke wangu. Huyu ni mtuhumiwa namba moja, mtaona.

Sasa kwenye ile rili nilikuwa natumia nailoni, huu mshipi mweupe tunaoujua wote. Mnene, unavutika kama lastiki, na ukikaa sana kwenye rili unajikunja kama nywele.

Shida ya Mtera ni visiki. Maji yalipojaa yaliikuta miti imesimama, na hadi leo miti mikavu imejaa mle. Kambale akishika ndoana hana mbio ndefu, anaingia kwenye visiki vyake, anazungusha mara moja, nailoni pwaa.

Jumamosi tatu mfululizo nikakatiwa. Mazengo akawa anacheka mbele ya watu, anasema shemeji yake haji kuvua, anakuja kuwavalisha kambale hereni.

Maneno yale yaliniuma. Ukiona mtu mzima anabadilisha vifaa, mara nyingi kuna mtu alimcheka.

Mtuhumiwa namba mbili ni Athumani. Mrangi wa Kondoa, mpole, ana kibanda chake mjini anauza ndoana, mishipi na vikorokoro vya uvuvi. Nikamweleza. Akanitolea breidi, mshipi wa kusuka, rangi ya kijani. Mwembamba kama uzi wa kushonea jinzi. Akaniambia nivute. Nikavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka, haukukatika wala haukuvutika hata kidogo.

Nikaupenda hapo hapo.

Athumani akaanza maelezo. Kwamba breidi inateleza, kwa hiyo usiifunge kwenye spuli tupu. Spuli ni ile bobini kubwa ya rili inayobeba mshipi. Kwanza uzungushe nailoni kidogo chini au ubandike plasta, ndipo breidi ipate pa kushika. Halafu akasema ikinasa kwenye kisiki, usishike kwa mkono, tafuta kijiti uzungushie hapo ndipo uvute.

Nikamwangalia. Mimi nimeshika nyuzi tangu yeye hajaanza kuvaa suruali. Nikamwambia, "Athumani, unamfundisha fundi uzi?"

Akanifungia mzigo wangu.

Hapo ndipo kosa lake lilipo. Mfanyabiashara mwenye roho nzuri angenigombeza.

Nikafika nyumbani nikatoa nailoni yote. Ile spuli nikaiosha kwa sabuni, nikaifuta, na kwa akili zangu za ufundi nikaipaka tone la mafuta ya cherehani ili ing'ae. Wavuvi mnaonisoma najua mmeshika vichwa. Subirini.

Nikafunga breidi kwenye ule utelezi, nikazungusha safu kwa safu, imelala vizuri kuliko bobini yoyote niliyowahi kujaza. Mke wangu Mama Neema akauliza kama ile ndiyo rili au ni pambo la sebuleni.

Jumamosi nikatua Mtera kifua mbele. Nikaweka utumbo wa kuku kwenye ndoana, nikatupa. Wakuu, breidi inakwenda mbali. Kwa nailoni nilikuwa nafika kwenye kisiki cha kwanza, siku hiyo nilivipita vyote, chambo kikatua kwenye maji safi. Nikamwangalia Mazengo. Akajifanya anatafuta minyoo.

Haikuchukua muda. Breidi haivutiki, kwa hiyo kambale akigusa unasikia kwenye kiganja kama mtu amekubishia hodi. Nikampiga kwa kuivuta fimbo ghafla. Akanasa. Fimbo ikakunjika namna ambayo sijawahi kuiona.

Nikaanza kuzungusha mpini wa rili.

Nazungusha, mshipi hauji.

Nikafikiri breki imelegea. Nikaikaza. Nazungusha, hauji. Nikakaza mpaka mwisho, nazungusha kwa nguvu zangu zote, na kambale anaondoka zake taratibu kama anakwenda dukani.

Mazengo akaweka kopo lake la minyoo chini. "Shemeji," akasema, "unasaga mahindi?"

Nikaiangalia rili. Ule mzigo mzima wa breidi ulikuwa unazunguka juu ya spuli kama bangili kwenye mkono wa mtu aliyekonda. Haukushika mahali popote. Na mafuta niliweka mwenyewe.

Kambale akafika kwenye visiki, akazungusha. Safari hii mshipi haukukatika. Ukakaza tu, fimbo ikatulia, maana yake umenasa.

Sasa nisomeni polepole hapa.

Sisi mafundi tuna tabia moja. Uzi ukibaki kwenye nguo na mkasi uko mbali, unauzungusha mara mbili kwenye kidole cha shahada, unavuta ghafla mara moja, uzi umekatika. Nafanya hivyo labda mara mia kwa siku. Sifikirii. Mkono wenyewe unafanya.

Nikabana fimbo kwapani, nikashika breidi, nikazungusha mara mbili kwenye kidole cha shahada cha kulia, nikavuta ghafla.

Uzi wa nguo ungekatika. Breidi haikukatika. Na kisiki cha Mtera hakijang'oka tangu bwawa lijengwe. Kwa hiyo kati ya vitu vitatu vilivyokuwa pale, kilichokubali ni kidole.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Niliona mstari mweupe, mwembamba. Halafu ukawa mwekundu, halafu nikakaa chini bila kuambiwa.

Mazengo hakucheka tena. Alikuja mbio, akailegeza breidi kidoleni kwa upole ambao sikujua anao, akaifunga kwenye gogo, akanifunga mkono kwa shati lake na kunipandisha bodaboda hadi kwenye kituo cha afya.

Daktari alikuwa kijana. Akasafisha, akaanza kushona. Mimi naye sikuweza kujizuia, nikamwambia mishono yake mipana.

"Mzee," akasema, "wewe utashona nguo. Mimi acha nikushone wewe."

Alipomaliza akaniambia nikunje kidole. Nikakunja.

Hakikukunjika.

Nikajaribu tena. Vidole vinne vilikunjika, cha shahada kilibaki kimesimama kama kinamnyooshea mtu. Akanigusa ncha kwa sindano, akauliza kama nasikia. Sikusikia.

Wakuu, kwa mtu mwingine hicho ni kidole tu. Kwangu ndicho kinachotangulia kitambaa chini ya sindano ya cherehani. Ndicho kinachojua kama kitambaa kimekunjamana upande wa chini ambako macho hayafiki. Nimesomesha watoto watatu kwa kidole hicho. Niliangalia ukuta wa kile chumba nikawa najiuliza nitafanya kazi gani nyingine.

Akaniandikia niende hospitali mjini, akasema mshipa wa kukunja umekatika, usipoungwa mapema ndio basi. Ukaungwa. Nikafungwa mkono wiki kadhaa, marufuku kazi.

Kazini akaingia Mama Neema. Alishajifunza zamani kwa kuniangalia, mimi nikawa namwachia vifungo na pindo tu. Kipindi hicho kulikuwa na sare za kwaya ya kanisani kwao, nguo ishirini na mbili, nimeshapima watu wote. Akazimaliza. Mimi nimekaa pembeni mkono kwenye kitambaa cha shingoni, namkosoa. Siku ya tatu akaniambia, "Baba Neema, nenda kapunge upepo."

Nikaenda.

Mazengo akaja kuniona. Kaleta salamu, kaleta na habari. Siku ile ile aliponiacha kituoni alirudi bwawani, akatafuta kijiti, akazungushia breidi yangu, akavuta kidogo kidogo kwa kurudi nyuma. Ikanasuka. Kambale bado yupo. Mkubwa, anasema alimbeba begani.

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema walimla.

Ndiyo maana nikamweka namba moja.

Matokeo ya kidole ni haya. Kinakunjika nusu. Ganzi ya nchani haijatoka, na daktari wa mjini ameniambia nisiisubiri. Nimejifunza kuongoza kitambaa kwa kidole cha kati, nashona, ila polepole, na hariri siigusi. Na rili ya spinning unashikilia mshipi kwa kidole hicho hicho wakati wa kutupa. Mara nyingine nachelewa kuachia kwa sababu sisikii, chambo kinatua miguuni pangu. Watu wa Mtera wanajua kusogea.

Breidi bado naitumia, tusidanganyane. Ni mshipi mzuri sana. Weka nailoni chini yake au plasta, jaza ukiwa umeubana kwa kitambaa kilicholowa ili ukaze, mafuta achia mashine. Ukinasa, kijiti. Kama wewe ni fundi nguo, fundi viatu, yeyote mwenye mkono unaofanya kazi kabla ya kichwa, vaa glovu kabla hata hujafungua begi.

Athumani nilikwenda kumkoromea. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniambia pole fundi, akanipa plasta. Nikaondoka nayo.

Wiki iliyopita kaingia dada mmoja dukani kwangu na kitambaa cha kitenge. Mimi ndiye niliyekuwepo, futi ya kupimia iko shingoni, miwani puani, nimekaa kwenye cherehani. Akanisalimia shikamoo baba vizuri tu, akaangaza macho huku na huku, akauliza, "Samahani, fundi yupo?"

Nikajua anamtaka Mama Neema wa sare za kwaya, nikamwambia katoka mara moja, akae amsubiri.

Haya, mlioumizwa na mishipi mwageni yenu hapa, na mnaojua dawa ya ganzi ya kidole msiwe wachoyo. Wa kucheka nao ruhusa, foleni inaanzia nyuma ya Mazengo.