Mwandishi wa Tumbo la Zimwi

Mwaka jana mjukuu wangu alinipa simu yake nijibu maswali kumi. Nikimaliza, alisema, simu itaniambia ni mwandishi gani wa hadithi za ajabu anayefanana na mimi, nami nitajua nisome vitabu vya nani uzeeni. Iliniuliza kama napenda majoka au wachawi, kama napenda safari ndefu au kasri la mfalme, kama mimi ni mtu wa subira. Nilijibu kwa uaminifu, hata hilo la subira. Simu ikanichagulia mzungu mmoja mwenye ndevu ambaye sijapata kumsikia, ikasema yeye na mimi tunapenda utulivu. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini, kwa maana ananijua. Nikamwambia asijisumbue. Mwandishi wangu nilimpata nikiwa na miaka kumi, wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, na alinijia ndani ya bahasha.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani mwetu na kurundikwa katika kijiji kipya karibu na Karurumo. Handaki lilikizunguka chote, lina vijiti vilivyochongwa ncha, na lango lilikuwa moja, linalindwa na homugadi, wanamgambo wa serikali. Jua likielekea kuzama kila mtu awe ndani, na moto usichelewe kuzimwa. Baba hakuwa nasi. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka, na askari walimchukua hapo hapo barazani, suruali ya mtu ikiwa nusu, wakampeleka kambi ya kizuizini. Nilikuwa na miaka minane. Kosa lake sikulijua wakati ule, na nikisema nalijua sasa nitakuwa nadanganya.

Baba alikuwa mtu wa maneno matatu. Akifika nyumbani alisema "Mmeshindaje?" Akila alisema "Imeiva." Akiondoka, "Naenda." Hata posa yake kwa mama ilisemwa na wajomba. Mimi aliniita "mama", kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na siku nyingine hilo ndilo neno pekee nililopata kwake tangu asubuhi. Sikumlaumu. Lakini siwezi kusema nilimjua.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Nilibishana na mama, na kuku, na mwalimu. Shuleni tulikuwa na vitabu viwili vya hadithi, vimechakaa hata majalada hayapo, na nilivichukia vyote viwili. Katika kile cha kwanza kila mtoto mkaidi aliliwa na mnyama. Katika cha pili mkaidi hakuliwa, ila alitubu, jambo lililonikera zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: methali hiyo niliisikia mara nyingi kuliko jina langu. Niliamini kwamba watu wote wanaoandika vitabu wamekaa mahali pamoja na kupatana dhidi yangu.

Barua za baba zilikuja mara moja kwa miezi kadhaa. Zilikuwa za Kiswahili, kwa sababu mkaguzi wa kambi, aliyesoma kila barua kwanza, hakujua Kiembu, na hati haikuwa yake, kwa sababu baba hakujua kuandika. Hilo halikuwa ajabu. Watu wengi wakati ule walisema maneno, mwingine akayaandika. Mama alijua Kiswahili cha sokoni tu, basi mimi ndiye niliyesoma na kumgeuzia.

Barua za kwanza zilikuwa mistari miwili. Niko mzima, msalimieni fulani. Halafu ikaja moja iliyojaa karatasi pande zote mbili. Baada ya salamu iliandikwa: "Na binti yangu ambaye hakubali jambo, nampelekea kisa." Ilikuwa hadithi ya mlima wetu ulioshikwa na baridi ukashuka mpaka Timau, upande wake wa pili, kuomba blanketi. Watu wa Timau wakaleta ngozi, wakaleta magunia, wakaleta majani ya ngano, hakuna kilichoufunika hata goti. Msichana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akauambia mlima kwamba ni wenyewe unaojitesa, uvue kwanza hiyo kofia ya barafu ndipo uje kusumbua watu. Wazee wakamwambia anyamaze. Mlima ukafikiri, ukavua kofia, na mito ikajaa. Hapo nilingoja msichana apewe adhabu. Hakupewa. Alirudi kwa mbuzi wake, na usiku alilala na mguu mmoja nje ya blanketi, kwa sababu hakupenda kufunikwa mwili wote.

Mimi hulala hivyo. Hata leo.

Nilikuwa nikimsomea mama kwa sauti, naye alinikatiza kabla sijafika mwisho. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukiisimulia jua likiwaka, mbuzi wanapotea. Mama hakuwa na mbuzi tena, walichukuliwa wote, lakini alisema hiyo si sababu ya kuharibu desturi. Shida ni kwamba jioni hakukuwa na mwanga wa kusomea. Basi tukapatana hivi: mchana namsomea salamu peke yake, halafu nakaa mlangoni na kusoma kisa kimya kimya mpaka nikishike chote kichwani, na baada ya chakula, moto ukishafukiwa, nakisimulia kwa mdomo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kila neno la mwandishi yule. Nilijua anapopenda kuvuta pumzi. Nilijua kwamba hamchukii mtu mbishi. Alikuwa wangu, na nilijivuna kwamba alikuwa baba.

Mama hakujivuna. Vilikuja visa vitatu vingine, na kwa kila kimoja uso wake ulizidi kukunjamana.

"Baba yako hajawahi kufika Timau," alisema.

"Ameambiwa na wenzake."

"Na Kiswahili hiki? Na maneno haya yote? Mimi nimeishi na mtu huyu miaka kumi na miwili. Mtu hawi kisima kwa siku moja." Kisha akasema kwa sauti ya chini kilichokuwa kikimla. Alikuwa ameona watu waliorudi kutoka kambini wakicheka peke yao, au wakiongea na ukuta. Aliogopa kwamba wamemharibu baba kichwa, na kwamba maneno hayo yote yalikuwa yanamwagika kwa sababu chombo kimepasuka.

Nilimkasirikia. Yeye alimtaka baba yule wa maneno matatu arudi kama alivyokuwa. Mimi nilimtaka huyu mpya. Hatukuweza sote wawili kupata tulichotaka, na nadhani sote tulilijua hilo, kwa sababu tulianza kugombana juu ya vitu vidogo kama chumvi na kuni.

Halafu ikaja barua ya zimwi. Baba alikuwa amekohoa sana kabla ya kuchukuliwa, na katika barua yetu mama alikuwa ameuliza kifua kikoje. Alilingoja jibu kwa hamu. Siku hiyo alikuwa ametoka kuchimba matuta ya lazima, matope mpaka magotini, karani wa chifu alipomwita.

"Mama watoto, barua yenu iko hapa," alisema. "Lakini imeguswaguswa kidogo."

Kisa kilikuwa cha zimwi lililomeza kijiji kizima, nyumba na kuku na watu wake. Ndani ya tumbo watu wakazoea. Wakapanda, wakaoa, wakachagua kiongozi. Kila asubuhi zimwi lilinguruma kwamba watu wafagie tumbo, na wote wakafagia, isipokuwa msichana mmoja aliyekaa chini akichambua maharagwe meupe na kuyaweka kando, kama nifanyavyo mimi. Akauliza, "Nifagie tumbo la nani? Nimelikodi?" Zimwi likatisha. Yeye akauliza swali lingine. Kila swali likalikaba zimwi kama mfupa, mpaka likaanza kuumwa. Kisha wakati wa kutoka ukafika, na hapo karatasi ilikuwa na tundu. Mkaguzi alikuwa ameikata kwa mkasi, pembe nne safi, kipande kama kiganja. Nadhani alisoma kuhusu watu wanaotoka mahali walipofungiwa na akaona heri kuwa salama.

Mimi niliulilia mwisho wa hadithi. Mama aliigeuza karatasi. Nyuma ya tundu, upande wa salamu, ndipo lilipokuwa jibu la kifua. Lilisomeka: "Kuhusu kile kikohozi," halafu hewa. Mama alipitisha kidole kwenye tundu.

"Andika," aliniambia siku iliyofuata. "Mwambie aachane na mazimwi. Mazimwi yamekula salamu yangu. Aseme kifua kikoje, basi."

Niliandika kuhusu kifua. Hayo mengine sikuyaandika. Mahali pake niliandika: "Baba, usiache. Walitokaje?" Kisha, mama aliponiambia nimsomee, nilimsomea yale aliyoyasema, moja baada ya jingine, macho yangu yakiwa juu ya karatasi yenye maneno mengine. Nilikuwa hodari wa kukariri, kama nilivyosema.

Baada ya hapo hakuna kilichokuja. Maharagwe yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Wengine walipata barua, sisi hatukupata. Nilianza kuamini kwamba swali langu limemponza, kwamba mkaguzi amelisoma na kumfanyia baba jambo baya. Usingizi ulinitoka. Mwisho nilimweleza mama kila kitu, tukiwa mtoni, ndoo ikiwa bado tupu. Hakunipiga, na heri angenipiga. Alijitwisha maji akatangulia, na kwa siku tatu alinisemesha mambo ya kazi tu. Siku ya nne aliniambia, "Kama amekufa, si wewe. Lakini ungeniacha niulize nilivyotaka." Alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu kukubali jambo.

Baba alirudi alasiri moja kwa lori, pamoja na wengine sita, wakashushwa mbele ya ofisi ya chifu. Alikuja kwa miguu mpaka mlangoni petu, amekonda, ana kifurushi kwapani.

"Mmeshindaje?" alisema.

Mama alikaa chini pale pale penye vumbi akalia na kucheka pamoja. Kisha akainuka, akaweka sikio mgongoni mwake mbele ya majirani, akasikiliza kifua. Kilikuwa kizima. "Ni yeye," aliwaambia majirani, kana kwamba kuna aliyebisha. Mimi baba aliniangalia juu mpaka chini, nilivyorefuka, akasema, "Mama." Halafu akaomba maji.

Nilifurahi, sitaki mtu afikiri sikufurahi. Lakini niliingoja hadithi. Jioni ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, juma likaisha. Alisema "Imeiva," alisema "Naenda." Mama alikuwa akiimba kazini. Mimi nilimtazama mtu yule aliyekaa kimya kwenye kigoda nikaona nimeletewa mgeni.

Alipopata kitambaa cha kunishonea gauni la shule, akaanza kunipima pale uani, sikuweza tena kujizuia.

"Baba, walitokaje tumboni?"

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, bila haraka. "Sikuandika mimi," alisema.

"Najua hukuandika. Lakini ulisema, akaandika."

"Sikusema."

Ikabidi aeleze, na niliona inavyomchosha. Kambini alikuwepo mchinjaji mmoja wa Mikinduri, Mwislamu, aliyekaa naye miaka miwili na kuwaandikia barua wasiojua. Baba alimwambia, "Niko mzima," akanyamaza, na karatasi ikabaki tupu. Mchinjaji alikasirika, akasema ni haramu kuipeleka karatasi tupu kwa watu wanaongoja. Akaijaza mwenyewe. Barua zilikoma kwa sababu alihamishiwa kambi nyingine, na baada yake hapakuwa na mwandishi. Swali langu lilikuwa halijamdhuru mtu.

Ningepaswa kushukuru. Badala yake nilihisi nimenyang'anywa watu wawili kwa pamoja. Mwandishi wangu alikuwa mchinjaji nisiyemjua, ambaye huenda nisimwone kamwe, na baba yangu alikuwa tu baba. Nilianza kulia, na kwa kuwa nikilia hubishana, nilibishana. Alijuaje? Mtu wa Mikinduri alijuaje kwamba nalala mguu nje? Alijuaje maharagwe meupe?

"Aliniuliza," baba alisema. "Kila jioni, swali moja. Huyu mtoto akikatazwa hufanyaje. Huyu mtoto hucheka nini. Nikamjibu."

Mama, aliyekuwa akichambua mboga karibu nasi, aliziweka chini.

"Na tumboni?" nikauliza. "Walitokaje?"

"Hilo pia aliniuliza. Nikamwambia wengine watatoka. Huyu wangu hatoki, mpaka zimwi limwombe radhi." Akafikiri kidogo. "Likamwomba."

"Kila jioni, miaka miwili?" nilimwuliza. "Ulipata wapi mambo yangu ya kusema miaka miwili?"

Baba aliokota futi yake.

"Hayakuisha," alisema, akaniambia nigeuke apime mgongo.