Damu Iliyotoka Ureno

Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu najua mmeshaisikia ile ya sokoni Kibaoni kwamba Dafrosa alilewa mpaka akalazwa, na ile nyingine kwamba nilijitia ugonjwa ili mume wangu arudi haraka kutoka shamba. Aibu niliipata, sikatai, tena mbele ya watu ambao nakaa nao benchi moja kila Jumapili. Lakini kulazwa, hapana. Sikulazwa.

Mimi ni mpishi. Miaka sita nimepika kwenye hosteli moja ya wageni hapa Ifakara, wali, maharage, chapati, kila siku narudi nyumbani nanuka vitunguu. Mwaka huu nikasikia kuna kambi ya watalii inafunguliwa upande wa Mkula, chini ya milima, na wanatafuta mpishi. Nikapanda gari nikaenda. Meneja akanisikiliza vizuri, akasema, "Dada, kupika unajua, nimeshaulizia. Ila wageni wangu wanakula na waini. Njoo Jumatatu unipikie chakula cha nyumbani kwako, halafu uniambie waini ipi inakwenda na chakula kipi, na kwa nini." Nikajibu hakuna shida, kama mtu aliyezaliwa ndani ya pipa la waini. (Waini niliyoijua mimi hadi siku ile ni divai ya Padre, na ile anakunywa mwenyewe.)

Njiani kurudi nikaapa kwamba hiyo kazi naipata. Siku nne zinatosha kujifunza kitu chochote, nilijiambia. Kulikuwa na mgeni wetu pale hosteli, mama mtu mzima kutoka Ulaya, anafunga mizigo yake aondoke. Nikamweleza shida yangu, akafurahi mpaka akakaa chini, akanipa chupa tatu alizokuwa amebakiza: nyeupe ya Ujerumani, nyekundu ya Italia, na nyekundu ya Ureno, hiyo ya Ureno ni nyeusi hasa, ukiimimina huoni kidole upande wa pili wa glasi. Akanifundisha kunusa, kuizungusha kwenye glasi, kuvuta kidogo, kuisukutua mdomoni, kisha kutema. "Usimeze," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "ukimeza, chupa ya tatu wewe hujui kitu."

Sasa tatizo langu lilikuwa moja. Mimi ni katibu wa akina mama wa jumuiya yetu, na wiki mbili tu kabla ya hapo nilisimama mbele yao, kidole juu, nikasema mwanamke anayeonja pombe mchana hana haki ya kumfundisha mtoto wa mtu adabu. Nilipigiwa makofi. Kwa hiyo nikaona kazi hii niifanye kimya kimya, Jumamosi alasiri, mume wangu akiwa Idete kwenye mavuno na binti yetu Faraja akiwa bweni.

Nikapika perege wa kukaanga, kambale mkavu wa nazi, kisamvu cha karanga, maharage na wali wetu huu wa kunukia. Nikapanga meza uani nyuma ya jiko, glasi tatu, daftari na kalamu. Ya kutemea ndoo ilikuwepo. Niliiona kabisa, iko pale mlangoni. Lakini nikaona uvivu wa kuiosha baadaye, nikasema ah, natema hapa hapa mchangani chini ya mgomba. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, mdogo hivyo.

Nawaambia ukweli, nilianza kuelewa. Ile ya Ujerumani ina utamu kwa mbali na ukali kama wa ndimu, ukiifuatisha na kisamvu, karanga zinatulia mdomoni. Ya Italia na maharage, hao ni ndugu. Lakini ya Ureno na kambale! Ilikuwa kama kunyonya msumari. Nikarudia ili niwe na uhakika, nikatema, nikaandika "MSUMARI" kwa herufi kubwa, nikavuta tena funda kubwa la mwisho.

Hapo ndipo jirani yangu Mama Leonia akachungulia juu ya uzio. Alikuwa anakuja kuazima ungo. Akaniona nimeinama, nimeshika tumbo (nilikuwa nafikiri), na mchanga mbele yangu umelowa mwekundu.

"Mama Faraja! Jamani, damu!"

Mdomo umejaa Ureno, nitajibuje? Nikashtuka, ikanitoka yote, ikateremka kidevuni mpaka kwenye blauzi nyeupe. Na blauzi yenyewe ni ile ya sare yetu akina mama.

Angenipa hata dakika ya kufikiri ningesema ukweli. Lakini niliona ile hotuba yangu, nikaona kidole changu kiko juu, nikasema, "Ni kifua tu, shoga, kinanisumbua."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Basi, alipiga yowe. Wakati anazunguka kutafuta geti, mimi nikakimbiza chupa ndani ya gunia la mchele, na kwa kuwa glasi zote tatu zilikuwa na kitu, na kumwaga kungeongeza hiyo damu pale chini, nikazinywa. Moja, mbili, tatu, bila kupumua. Mtu ambaye hata mbege ya harusi hanywi! Mama Leonia alipoingia na akina mama wengine wawili, macho yangu yalikuwa mekundu, jasho linanitoka, na nimeukumbatia mgomba nisianguke.

"Anaishiwa nguvu! Mshikeni!"

Nikapakiwa kwenye bajaji katikati ya wanawake wawili, wa tatu kakaa mbele na dereva, tukapita Kibaoni rozari inasalika kwa sauti, na kila tulipopunguza mwendo Mama Leonia anatoa kichwa nje: "Tupisheni, anatapika damu!" Mimi nimefumba macho. Nilikuwa nawaza, nikifika nitamnong'oneza daktari, anipe panado, nirudi zangu nyumbani, yaishe.

Tukafika, na pale hospitali nikamkuta mama mkwe ametangulia. Sijui nani alimpigia. Alikuja na bodaboda, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi. Sasa mama mkwe wangu huyu, Bibi Oresta, katika miaka kumi na nane ya ndoa hajawahi kusifia hata chai yangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, analia, machozi yanashuka hadi shingoni.

"Dafrosa mwanangu, nakusema sana, najua. Usiniache na yule mwanangu, hawezi hata kuchemsha maji."

Nikajaribu kuuchomoa mkono, akauganda.

Daktari alikuwa kijana, mpole. "Shikamoo mama," akanisalimia, akanitazama blauzi, akauliza nimetapika kiasi gani. Mama Leonia akajibu kwa niaba yangu: "Beseni zima!" Daktari akasema basi tupime wingi wa damu, na kama imepungua sana watahitajika ndugu wa kutoa. Hajamaliza sentensi, mama mkwe ameshakunja mkono wa gauni.

"Chukua yangu."

"Bibi, wewe umri wako..."

"Nimesema chukua yangu! Huyu ni mtoto wangu."

Mama Leonia naye akakunja. Na wale wawili wakakunja. Wanawake wanne wamesimama mbele yangu, mikono wazi, mmoja wao anaogopa sindano mpaka huwa anakimbia chanjo za watoto wake. Nikautazama ule mkono wa mama mkwe, mwembamba, ngozi imelegea, mishipa imesimama, nikajisemea hapana. Kazi naitaka, uongozi naupenda, ila hapana.

Nikasimama. (Niliyumba kidogo.) "Kunjueni mikono. Siyo damu. Ni waini."

Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kukohoa.

"Waini gani?" mama mkwe akauliza.

"Ya Ureno, mama."

Nikaeleza yote, kambi, meneja, Jumatatu, gunia la mchele. Daktari akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mama Leonia akasema polepole, "Na rozari yote ile nimesali," akatoka. Tulirudi kwa bajaji ile ile.

Kesho yake baada ya misa nikaomba nafasi, nikasimama mbele ya akina mama nikasema niliwadanganya, na niliwahukumu wengine kwa kitu nilichokifanya mwenyewe, tena kazi yenyewe haikuwa ya kuonea aibu, aibu niliitengeneza mimi. Daftari la ukatibu nikalikabidhi. Wakalichukua. Nilitegemea watanirudishia, hawakunirudishia.

Lakini Jumatatu ilikuwa bado inakuja. Mchana huo huo nikatoa chupa kwenye gunia, nikapika upya, nikaweka meza barazani mbele ya nyumba, kila anayepita aone, na ndoo ya kutemea pembeni. Mama mkwe akaja bila kuitwa, akavuta kiti. Akaonja ya Ureno na kambale, akatema kwa nguvu. "Hii mpe nyama ya kuchoma, samaki mwachie." Nikaandika hivyo hivyo.

Kwa meneja nikasema nilichokijua, na nisichokijua nikasema sikijui. Alinipa kazi, upishi msaidizi siyo upishi mkuu, na mwezi ujao naanza. Mama Leonia ilimchukua wiki tatu kuniitikia salamu.

Waini nitaendelea kuonja, hilo simfichi mtu tena. Nilichoapa ni kingine: maadamu niko hai, mtu hatakunja mkono wa nguo yake kwa ajili ya uongo wangu. Ule mkono wa mama mkwe nauona mpaka leo nikifumba macho, na hakuna kazi duniani ya kunifanya niutazame tena vile.