Ngao tele, vita hakuna

Leo nimechapwa mchezoni na mama mkwe, wala hakuna aliyenishambulia.

Nilikwenda Mambrui kwa wakwe. Shemeji yangu Swaleh akatoa ule mchezo wa karata ambao unaanza na karata mbovu, kisha unanunua bora, unazichanganya kwenye fungu lako. Ziko za kushambulia wenzako, na ziko ngao za kujikinga.

Swaleh namjua. Akicheza barazani hana huruma.

Basi nikanunua ngao. Na ngao. Na ngao tena!

Kumbe nimesahau niko nyumbani kwa nani. Mbele ya mamake, Swaleh amshambulie mume wa dadake? Thubutu! Karata za kushambulia hakuzigusa kabisa.

Mimi kila nikivuta karata, ngao tupu. Karata ya pesa ya kununulia kitu sina. Mama mkwe naye ananunua karata za mashamba taratibu, na mashamba ndiyo ushindi.

Alipomaliza kunishinda akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani humu ndani ulikuwa wamwogopa nani?"

Swaleh akanikodolea macho.

Wenye wakwe, mngejibu nini? Maana hapo ndipo nilipohitaji ngao, na zote nimesharudisha kwenye kasha.