Mpiga Picha Anayewakabidhi Wateja Kitufe

Saa tatu asubuhi, foleni ya picha za kitambulisho imeshamwagika hadi nje. Ndani ya studio kuna kiti cha plastiki, shuka jeupe lililobanwa ukutani kwa vibanio vya nguo, na bosi mwenye sauti ya kuendeshea mnada.

“Mlenge, mfyatue, aje mwingine!”

Mama aliyekuwa kitini anainuka na kutoka. Mumewe alipigwa risasi mbele ya macho yake. Hii ni studio ya tano anayoikimbia, na uandikishaji wa vitambulisho unafungwa kesho.

Mpiga picha, ambaye mtaa mzima unamwita Kitufe, anamgeukia bosi.

“Mtu kaja kupiga picha, wewe unamtangazia vita?”

“Maneno tu hayo, dada. Tumeyakuta.”

“Haya, kaa wewe. Usitikisike! Nakulenga kichwani. Nakumaliza sasa hivi!”

Foleni inaangua kicheko. Picha sita, na zote bosi kafumba macho.

Kitufe hacheki. Ana miaka kumi na tisa kazini. Alianza kwa kubeba taa kwenye filamu, na huko ilikuwa “mvizie”, “mnase akilia”.

“Siku moja tulimrekodi bibi wa watu analia msiba wake, msiba wa kweli. Mkubwa wetu akashangilia, ‘Tumempata!’ Tumempata? Kwani swala yule?” anafoka. “Niliacha siku ileile.”

Hapa analipwa kwa idadi ya vichwa. Wenzake humaliza sitini kwa siku, yeye arobaini, maana kila mtu anamuuliza kwanza kama yuko tayari, kisha anamkabidhi waya wa kamera wa mita mbili wenye kitufe, ajipige mwenyewe.

Anamfuata mama yule barabarani.

“Mama, picha utapiga wewe.”

“Nikishindwa je?”

“Tunaanza upya. Bosi mwenyewe kakalia kiti hicho sasa hivi, kashindwa mara sita.”

Mama anatabasamu, anarudi hadi mlangoni. Ndani hataki kuingia. Basi Kitufe anakokota kiti mpaka kizingitini, watu wawili wa foleni wanashika shuka nyuma yake, waya unavutwa mpaka unakaza.

Mara ya nne, mama anabonyeza. Macho wazi.

Bosi anaitazama picha, anakohoa. “Anayefuata… karibu.”

Kitufe anakunja waya. Mpango wake ni mmoja: kununua wa mita kumi.

“Wapo ambao hata mlangoni hawafiki,” anasema. “Nitawafuata walipo.”