Tarehe Niliyojaza Kila Mahali

Naungama mwenyewe kabla hamjaisikia habari hii sokoni hapa mjini Baraka. Mimi ni fundi wa ordinateri, yaani kompyuta, kwenye biro inayoandikisha wakimbizi. Siku moja mashine ilikataa kuhifadhi majina ya wakimbizi wapya, ikidai kuna visanduku vitupu. Sikujisumbua kusoma ni visanduku gani. Niliiamuru ijaze tarehe ya siku ile kila penye nafasi, na majina yote yakaingia. Shefu alinipigia makofi, nikavimba kichwa.

Siku ya kugawa unga, jina la mama wa kwanza kati ya hao wapya, aliyetoka Burundi, halikuwa kwenye liste. Nilimwita mwongo. Nikafungua fishi yake, ukurasa wa maelezo yake, kwenye mashine ili nimwaibishe mbele ya watu. Kisanduku cha tarehe ya kifo kilikuwa na tarehe ile niliyoijaza mimi.

"Soma kwa nguvu, papa," alisema.

Nikasoma.

Akamshusha mtoto mgongoni. "Na huyu, naye alikufaka?"