Jumapili Sifa Alipovuka Mto

Tulikuwa wanne, na chumba kilinuka maharage yaliyoanza kushika chini ya sufuria. Alikuwepo Furaha, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Riziki, na Baraka, mdogo wa Furaha. Alikuwepo Mama Solange, fundi cherehani wa kutoka Bukavu, ambaye si ndugu yangu ila nyumba zetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka zinagawana ukuta. Na mimi, ambaye wajukuu huniita Koko, yaani bibi, niliyetoka Fizi na sikuvuka darasa la tatu. Furaha alikuwa amerudi kutoka Kawale, kule Lilongwe, ambako vijana wenzake walimfundisha mchezo wa mezani. Alimwaga dadu, moja ikiwa na pande ishirini, akaeleza: kila mmoja anajitungia mtu wake, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Yeye mwenyewe angekuwa msimulizi, wa kutuwekea safari na hatari zake.

"Koko, utakuwa nani? Shujaa ao muchawi?"

"Muchawi?" Mama Solange akadakia. "Muchungaji akisikia, atamutosha kwa kwaya, asiimbe tena."

Nikasema nitakuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, anaitwa Sifa.

Sifa alikuwa dada yangu. Msimu wa mpunga kule Fizi tulishinda juu ya ulingo kufukuza ndege, mimi, yeye na binamu yetu Mwavita, vidole vikinuka udongo wa kombeo. Sifa ndiye aliyetutungia michezo: leo wewe ni malkia, Mwavita ni mamba, mmekufa wote, haya fufukeni, ndege hao wanashuka. Tulicheka hadi ndege wakala mpunga. Mwisho wa msimu ule alitangulia shambani peke yake alfajiri, mto umejaa, ukamchukua. Habari hiyo sikuwahi kuwasimulia wajukuu.

Basi safari yetu ya mezani ikaenda, tukapita msitu, Furaha akasema, "Mbele yenu kuna muto, umefurika."

Baraka alirusha dadu akavuka. Mama Solange akavuka. Sifa, kwa kuwa ni mtoto, alihitaji kumi na nane kwenda juu. Akikosa, maji yanamchukua na harudi mchezoni. Nikaweka mikono mapajani, sikurusha.

"Umuache ngambo hiyo, Koko," alisema Mama Solange. "Tutamupitia tukirudi. Ni muchezo tu."

"Huyu ni dada yangu," nikasema. "Mto ulishamchukua mara moja. Habaki peke yake, na haendi peke yake."

Kisha Mama Solange akavuta kiti mbele. "We Furaha, mi njo fundi, hata humo ndani ya muchezo. Niko na kitenge kiunoni. Baraka iko na shuka. Tunafunga pamoja, tunamutupia, tunavuta. Sasa inahitaji ngapi?"

Furaha aliniangalia, akafikiri. "Kumi."

Nikarusha. Dadu ikagonga sufuria, ikazunguka, ikalala. Kumi na moja.

Baraka alipanda juu ya stuli. Mama Solange alipiga vigelegele hata wa kabaza mmoja, wale wabeba abiria, akasimamisha baiskeli yake mlangoni, akauliza nani ameolewa. "Sifa amevuka," Mama Solange akamwambia. "Zikomo," akashukuru kwa lugha ya hapa, akaenda zake.

Zamani kule ulingoni ulikufa ukafufuka kwa neno la Sifa tu, bila dadu. Mchezo wa sasa ni mkali zaidi, ila una watu wa kukurushia kitenge. Tunacheza kila Jumapili baada ya ibada. Humo mchezoni Sifa ametimiza miaka kumi na miwili, umri ambao kule Fizi hakuuona, na juzi amechaguliwa mkuu wa mji. Kama yupo msomaji aliyelinda mpunga nasi, akaona nimekosea jina au msimu, anisahihishe, nitashukuru. Lakini kwamba alivuka, hapo sisahihishwi. Tulikuwa wanne, tuliona.