Mhunzi Aliyekataa Kunitorosha

Binamu yangu aliporudi likizo kutoka chuo Dodoma, alikuja Ilongero na mchezo wa ajabu: dadu mbili mfukoni na nchi nzima kichwani. Yeye anasimulia, sisi tunakuwa watu wa nchi hiyo. Kila mtu anasema atakalofanya, kisha dadu zinaamua kama atafanikiwa. Jumapili mchana tulicheza uani kwetu huku tunapiga alizeti. Mimi nilikuwa binti mfalme. Shoga yangu wa jirani alikuwa mwaguzi mwenye mabawa. Na fundi wa kuchomelea wa pale sokoni, kijana ambaye nilikuwa nampenda mpaka nikimwona nasahau nilichotumwa, alikuwa mhunzi anayempenda binti mfalme.

Mchezoni alijua kupenda, usiseme! Alipanda tai anayesema, akanitengenezea taji kwa moto wa radi, akanimwagia maneno matamu mbele ya watu bila haya. Nje ya mchezo, kimya. Na shangazi alikuwa ameshaanza kuleta habari za mfanyabiashara mmoja wa Manyoni aliyetaka kuja kuposa baada ya mavuno. Fundi asiposema neno mapema, mimi wa Manyoni, basi.

Siku hiyo binamu akatangaza kwamba mfalme ameniahidi kwa mtawala wa milimani, na ng'ombe wa mahari wako njiani. Nikamgeukia mhunzi.

"Tai wako anabeba watu wawili. Nitoroshe."

"Sikutoroshi," akasema, huku anapiga alizeti zake.

"Unasemaje?"

"Tukitoroka, mimi nitaitwa shujaa. Wewe utaitwa nani? Na mama yako atapita wapi watu wasimcheke? Si haki."

"Haki ipi! Kwani mimi mbuzi, niswagwe tu kwa mwenye mali? Mfalme aliniuliza?"

Shoga akadakia kwamba aliyependa hana kosa. Binamu akasema hata mfalme akikosea, ahadi ni ahadi, watu wake wanaitegemea. Kelele zikapanda. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli, wala si mchezo, maana nilisikia kitu kimoja tu: huyu hanitaki.

"Mwoga mkubwa wewe!" nikamwambia.

"Sijakataa kukuoa. Nimekataa kukuiba. Natuma mshenga."

Akamteua mwaguzi. Halafu akasimama, akajikung'uta makapi, akaelekea nje ya ua.

"We, unakwenda wapi?" binamu akauliza.

"Mwoaji anakaaje kwenye kikao cha posa yake?"

Jamani! Nchi ina tai wanaosema na milima inayotembea, yeye anafuata mila za Ilongero. Tulicheka mpaka shoga akakaa chini. Mwenzetu akaenda zake kukaa juani, juu ya pikipiki yake.

Shoga akajifunga khanga mabegani kuwa mabawa, akapiga magoti, akaeleza shida iliyomleta. Binamu, ambaye sasa ndiye mfalme, akazirudisha dadu mfukoni.

"Hapa dadu haziingii," akasema. "Binti, huyu mtu unamfahamu?"

Ndivyo tunavyoulizwa wasichana siku ya posa. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko anapepeta mtama. Akaacha kupepeta, akanitazama. Kicheko kikanikauka. Niliogopa, lakini nikaona nikinyamaza hapa nimekwisha.

"Namfahamu," nikasema, nikimwangalia mama. "Na nimemkubali. Akija mwingine msiniite."

Mama akaweka ungo chini, polepole.

"Mshenga wa mabawa mimi simtaki," akasema. "Kamwambie amlete mjomba wake Jumamosi. Shangazi yako niachie mimi."

Nilitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki uani. Nilimkuta fundi analowa jasho.

"Wamemjibuje mhunzi?"

"Ya mhunzi sijui," nikamwambia. "Wewe umekubaliwa."

Alishuka kwenye pikipiki, akaniuliza mjomba wake aje lini.